Mjomba, ninunue buti ipi?

Swali: Shikamoo mjomba fundi. Mimi ni kijana wa Lindi mjini, naendesha bodaboda, abiria na mizigo, njia ya Mingoyo na Mnazi Mmoja, siku nyingine hadi Mtama. Juzi nilikuja Mtwara nikaona kwa muuza mitumba jozi mbili za buti zilizoninyima usingizi. Ya kwanza nyeusi, inafika nusu ya muundi, haina kamba, ina mikanda miwili yenye bizimu: mmoja juu ya mguu, mmoja kule juu mdomoni. Mbele ina chuma, na ndani kuna kibandiko kimeandikwa PT91. Anataka 70,000. Ya pili ya kahawia, pua yake bapa kama imekatwa kwa panga, na kifundoni imezungukwa na mikanda iliyoshikwa na pete za chuma. Hiyo 55,000. Zote zimeandikwa 9, mimi navaa 42. Nyeusi nikitembea kisigino kinapanda ndani. Kahawia inabana kidogo lakini nimeipenda sana. Muuzaji anasema nyeusi ni buti za mainjinia wa gesi. Ninunue ipi? Na nitazivaaje kwa joto hili? Buti yangu ya mwaka jana iliota ukungu mpaka nikaitupa.

Jibu: Marahaba mpwa wangu. Kwanza nikutoe kwenye hiyo habari ya gesi. Muuzaji hajakudanganya kwa makusudi, amedanganywa na jina. Buti hiyo nyeusi Wamarekani huiita buti ya injinia, lakini kwao injinia ni pia mtu anayeendesha garimoshi. Dereva wa treni, basi. Alisimama karibu na tanuru la makaa, cheche zinaruka, vyuma vinazunguka. Kamba za viatu mahali kama pale ni hatari: zinanasa, zinaungua, na cheche ikiingia kwenye kiatu huna muda wa kufungua vifundo kumi. Ndiyo maana ikatengenezwa buti ya kuvuta tu, bila kamba wala ulimi, na mkanda wa juu wa kukaza mdomo ili moto usiingie. Kampuni mbili za Marekani ndizo zinazotajwa zaidi kuwa za mwanzo, Chippewa ya Wisconsin na Wesco ya Oregon, na wakati ni mwishoni mwa miaka ya 1930. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, wachomeleaji wa viwanda vya meli wakazivaa kwa sababu ileile ya cheche. Vita vilipokwisha wakazichukua waendesha pikipiki, yaani wenzako.

Na sisi wa Kusini tusijifanye treni ni habari za mbali. Reli tuliijua. Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga wa Nachingwea, mradi ulioanza 1947 na kutupwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Babu yangu alipakia mizigo kwenye mabehewa hayo. Alipakia peku.

Ile ya kahawia ni ukoo mwingine kabisa. Hiyo ni buti ya hatamu, kwa maana ya zile ngozi anazofungwa farasi. Mfano wake ni buti za askari wapanda farasi wa Marekani wa karne ya 19, na aliyeitangaza zaidi ni kampuni ya Frye, iliyoanzishwa 1863 huko Massachusetts, ingawa umbo unaloliona lilishika soko miaka ya 1960. Pete na mikanda ya kifundoni ni pambo. Ukiivuta haikazi chochote. Wewe jaribu utaona.

Sasa tuje kwenye mguu wako, maana hapa ndipo vijana wanapoliwa hela zao. Kiatu cha kamba kinasamehe. Kikiwa kipana unakaza, kikiwa chembamba unalegeza, jioni mguu ukivimba unalegeza tena. Buti isiyo na kamba haina msamaha huo. Kinachoishika mguuni ni sehemu moja tu, mgongo wa mguu, pale juu ambapo viatu vingine vina kamba. Mkanda wa chini wa hiyo nyeusi unasaidia kidogo sana, pengine upana wa ukucha. Basi usihangaike kwanza na vidole wala urefu. Hangaika na mgongo wa mguu.

Fanya hivi. Rudi kwa yule muuzaji jioni, baada ya kazi, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kwa joto. Vaa soksi utakazovaa siku zote, usijaribu peku wala kwa zile soksi za kuazima za muuzaji. Shika buti kwa mikono miwili, sukuma mguu. Buti nzuri itakukatalia kidogo pale kwenye kona ya kifundo, halafu kisigino kitatumbukia chini na utasikia "puu". Kama umeingia bila upinzani wowote, ni kubwa. Kama umesukuma hadi jasho limekutoka na mguu haujashuka, achana nayo, na wala usimsikilize akikwambia itatanuka. Ngozi hutanuka kwa upana pale vidole vinapoanzia, kweli, lakini mgongo wa buti kama hii ni ngozi nzito isiyo na mpasuko, na mbele kuna chuma. Chuma hakitanuki. Nimeletewa na wateja buti za chuma "nizitanue kwenye kalibu". Nimezirudisha kama zilivyo.

Kisigino kupanda, ulilolilalamikia, ni jambo lisilonitisha sana kama hayo mengine. Soli ya buti hizi ni ngumu ikiwa haijavaliwa sana, haipindi, kwa hiyo mguu unapopinda kisigino kinanyanyuka ndani. Kikipanda kwa upana wa kidole chako kidogo, vumilia. Soli ikilainika kitatulia. Kikipanda zaidi ya hapo, au ukishuka ngazi ukahisi vidole vinagonga chuma, buti imekuzidi. Hata hivyo ya kulegea kidogo nina dawa yake: nakuwekea soli ya ndani ya ngozi au ya sponji ngumu, mguu unanyanyuka, mgongo unajaa. Ya kubana sina dawa. Kumbuka hilo ukiwa unaitazama ya kahawia kwa macho ya mapenzi.

Halafu hiyo namba 9. Namba 9 ya Marekani kwa wanaume inakaribia 42 yetu. Namba 9 ya Uingereza inakaribia 43. Na namba 9 ya Marekani kwa wanawake ni kama 40! Sasa buti za hatamu zilivaliwa sana na wanawake kule, nazo huja kwenye belo moja na za wanaume bila mtu kuzitenga. Inayokubana wewe mwenye 42 huku imeandikwa 9, mimi nashuku ni ya kike. Tazama ndani ya shingo ya buti, karibu na namba. Ukiona herufi B, hiyo kwa kawaida ni upana wa kati wa kike. D ni wa kati wa kiume. E mbili ni mguu mpana, na miguu yetu wengi tuliokua peku inataka hiyo. Ukiona M tu haikwambii kitu. Kuvaa buti ya kike si dhambi, ila itakuumiza kidole gumba.

Tuje kwenye soli, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu pwani yetu inaua soli ambazo bara zingedumu.

Kuna soli za mpira na kuna soli za povu, zile nyepesi zinazoitwa za poliurethani. Ukiwa dukani zote zinang'aa. Lakini ile ya povu hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo unaivunja kutoka ndani, hata kama kiatu kimekaa tu kabatini. Ikisha kukaa miaka kadhaa ghalani, ikafungwa kwenye belo, ikavushwa bahari, ikafika Mtwara kwenye hewa ya chumvi na joto, inakungoja wewe uivae ndipo imeguke. Mimi mwenyewe, fundi mzima, niliwahi kununua jozi safi, ngozi ya kupendeza, nikaivaa kwenda msibani Masasi. Tulipofika nilikuwa nimeacha vipande vya soli njia nzima kama mtu anayepanda mbegu. Nilizika nikiwa na ndala za kuazima.

Kwa hiyo bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba, hasa pembeni karibu na kisigino. Mpira unarudi. Povu lililooza linaacha alama, au linanata, au linatoa unga. Pinda buti, tazama mikunjo ya soli: ufa mwembamba ni jibu tosha. Buti nyingi za injinia zina soli ya mpira mgumu mweusi na kisigino kirefu cha tabaka, na hiyo ndiyo unayoitaka. Buti za hatamu mara nyingi zina soli ya ngozi. Soli ya ngozi ni nzuri kwenye sakafu, lakini mvua za Januari zikikukuta kwenye tope la Mnazi Mmoja, mguu utateleza kwenye pedeli kama umekanyaga bamia.

Tazama pia uzi. Ukingoni, soli inapokutana na ngozi ya juu, kuwe na ukanda mwembamba wa ngozi ulioshonwa kuzunguka, mafundi huuita welti. Ukiwepo, na uzi wake ukaonekana hadi chini ya soli, hiyo buti inaweza kubadilishwa soli mara kadhaa na fundi yeyote mwenye mkono. Kuna za kughushi ambazo ukanda na uzi vimechorwa tu kwenye plastiki. Ingiza ncha ya pini kwenye tundu la uzi: kama hakuna tundu, hakuna uzi. Soli ikiisha usimruhusu mtu akupigie tairi la gari mguu mzima. Tairi linafaa katambuga. Kwenye buti nzito tayari, utajikuta unatembea na mawe. Kisigino peke yake, sawa, hapo tairi ni bora kuliko mpira wa dukani.

Kuhusu kibandiko. PT91 ni alama ya kiwango cha Marekani cha viatu vya kinga, toleo la 1991. Ziko za PT83 na za PT99 pia. Maana yake buti yako inaelekea kutengenezwa miaka ya 1990, kabla kiwango kingine hakijakalia kiti hicho mwaka 2005. Wakusanyaji wa vitu vya zamani hutumia vibandiko hivi kukisia umri, na wewe kitumie hivyohivyo, kwa umri. Usije ukaenda nayo kuomba kibarua kwenye mtambo wa gesi Madimba au kiwanda cha saruji ukidhani una buti ya sefti. Watakutaka yenye kiwango cha sasa, na ni haki yao. Ingiza mkono ndani hadi mbele upapase: ngozi iliyofunika ukingo wa chuma ikiwa imetoboka, chuma kitakula kidole chako wiki ya kwanza. Na kama pua ina bonde, yaani chuma kilikwisha kupondwa na kitu, iache hapohapo. Chuma kilichobonyea hakirudi.

Kwa kazi yako ya bodaboda, buti ndefu ni jambo jema, na nashangaa ni wachache wanaojali. Nimeona miundi mingapi ya vijana na abiria yenye lile kovu la duara la ekzosi! Ngozi nene inakulinda na hilo, na kokoto, na kifundo siku ukidondoka. Tatizo ni gia. Pua yenye chuma ni nene, haiingii vizuri chini ya pedeli ya gia. Kama pikipiki yako ina pedeli ya mbele na ya nyuma, kanyaga ya nyuma kwa kisigino badala ya kuingiza pua chini ya ile ya mbele, na tatizo limekwisha. Kama ina ya mbele tu, peleka kwa fundi aipandishe jino moja. Na lile bizimu la juu ligeuze liangalie nje, la sivyo litakwaruza tangi.

Joto sasa. Sikufichi, ni buti za nchi ya baridi. Ukipanda Newala asubuhi utazifurahia, Lindi saa nane mchana utanitukana. Namna ya kuishi nazo ni kuzivaa kwenye pikipiki na kuzivua kijiweni. Beba ndala kwenye mkoba. Soksi ziwe ndefu kupita shingo ya buti, maana soksi fupi huteremka na kujikusanya chini ya unyayo, na ukingo wa juu wa buti utakuchubua muundi. Badilisha soksi mchana. Suruali ishuke juu ya buti. Ukichomeka ndani utafanana na askari wa gwaride, na mvua itatumia hiyo suruali kama mfereji wa kuingilia ndani. Usivae buti ileile siku mbili mfululizo. Jasho la siku moja linataka siku nzima kukauka, na fangasi wa vidoleni wanaishi kwenye hiyo siku unayowanyima kukauka.

Kuna jambo jingine ambalo Wamarekani hawakulifikiria: sisi tunavua viatu. Unaingia kwa mtu unavua, msikitini unavua, mara tano kwa siku mwenye kuswali. Buti hii jioni, mguu ukiwa umevimba, haivuliki kwa heshima. Utamwona mtu ameshika nguzo ya baraza, mwenzake anamvuta mguu, watoto wanacheka. Mwambie seremala akukatie ubao wowote mgumu, urefu wa mkono, mwisho wake ukatwe pembe kama panda ya manati, chini upigiliwe kipande cha kuunyanyua. Unaukanyaga kwa mguu mmoja, unanasa kisigino cha mwingine, unavuta. Ubao mmoja wa hivyo ukae nyumbani. Kuhusu kupangusa juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, wakati wa kutawadha, usiniulize mimi, mwulize sheikh wako.

Ukungu uliokula buti yako ya mwaka jana ulisababishwa na mambo mawili: uliiweka ikiwa na unyevu, na uliiweka mahali pasipo hewa. Mfuko wa plastiki ni kaburi la ngozi. Ukirudi, pangusa vumbi na chumvi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Pakibaki mistari myeupe ya chumvi, tia siki kidogo kwenye maji, pangusa tena. Jaza magazeti ndani, yabadilishe yakilowa, weka kivulini penye upepo. Usianike juani wala jikoni. Wapiga ngoma wanajua: ngozi unaisogeza kwenye moto ili ikaze ilie. Buti ukiisogeza motoni itakaza vilevile, kisha itapasuka. Ukungu ukishaota, usiupigie brashi ndani ya nyumba, unausambaza. Toka nje, pangusa kwa siki au spiriti, acha ikauke, ndipo upake mafuta.

Mafuta: kidogo, mara moja kwa miezi miwili mitatu. Mafuta ya kupikia hapana, yanavunda na kuvuta vumbi. Ya nazi yanalainisha lakini yanaifanya ngozi iwe nyeusi, na ukizidisha inalegea shingo ikalala kama soksi. Mimi natumia nta ya nyuki, inayopatikana kwa warina asali wa Liwale, naiyeyusha na mafuta kidogo ya ng'ombe. Halafu nasikia kuna vijana wanapaka mafuta ya maganda ya korosho kwa kuwa yanazuia mchwa kwenye mbao. Mpwa wangu, waulize wabanguaji wa Tandahimba mikono yao hufanywa nini na maji yale. Yanababua. Usiyaweke karibu na mguu.

Basi uamuzi wangu: ya kahawia iache, hata akishusha. Inakubana leo, itakubana mwakani, na soli yake si ya barabara zako. Nyeusi inunue kwa masharti: soli isitoe unga, uzi uwe wa kweli, ngozi ya ndani penye chuma iwe nzima, na mgongo wa mguu ukushike hata kama kisigino kinacheza. Tazama visigino, kwa buti ya umri huo lazima vimelika upande mmoja, na hiyo ndiyo hoja yako ya bei. Anza na 40,000, mwonyeshe kisigino, usizidi 55,000. Hela inayobaki niletee pamoja na buti nikuwekee soli ya ndani na visigino vipya. Zije zimekaushwa, tafadhali. Wiki iliyopita mtu aliniletea za kwake na tope la Mtama lingali bichi.